Kitanda Kisichokuwa cha Wageni

Picha yenyewe ilipigwa Tooting, London, Ijumaa asubuhi, kando ya barabara, na aliyeipiga wala hakuomba ruhusa. Ndani yake yumo Haika, muuguzi mstaafu, mama mtu mzima anayekaribia sabini, kajifunga khanga na sweta juu, kainama kwenye mtaro anapiga mswaki. Nyuma yake kuna gari jeupe, mlango wazi, na mguu mmoja wa mumewe Leonard unaning'inia kitandani. Chini ya picha, mkwe wao Anastasia aliandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "Wapendwa, tuwaombee mama na baba. Hali si nzuri. Sina la kusema." Akamalizia na vile vimikono vya kuomba, msururu mzima.

"Sina la kusema!" Haika alifoka, simu mkononi, gari likitambaa kwenye foleni kuelekea Hayes. "Kaandika yote, ukoo mzima umesoma mpaka Marangu, halafu hana la kusema! Leonard, unasikia?"

"Nasikia, Mama Neema."

"Unasikia halafu unaendesha tu?"

"Sasa nikisimama hapa si ndiyo kweli tutalala barabarani," alisema Leonard. Alikuwa ameendesha mabasi ya London zaidi ya nusu ya maisha yake, na hakuna kelele za abiria zilizowahi kumtoa macho barabarani.

Ukweli wa mambo ulikuwa mwepesi, na mtu yeyote mwenye adabu angeuliza angeambiwa. Haika na Leonard wana nyumba yao Stratford, ghorofa ya tatu, na wameishi humo tangu binti yao Neema hajaanza shule. Hawajafukuzwa. Hawajafilisika. Wamestaafu tu, wakanunua gari kuukuu lenye kitanda, jiko la gesi na kisinki kidogo cha kuoshea vikombe, ili wazunguke kama wastaafu wengine wanavyozunguka. Leonard alitaka kuliita Nyumba Ndogo. Haika akamwambia thubutu, ukasimame kanisani uwaambie watu umeshinda wikendi nzima kwenye nyumba ndogo! Basi likabaki kuitwa gari.

Safari hii ya kwanza ilikuwa na mambo mawili. Kwanza kusalimia ndugu: Alhamisi kwa Nickson huko Tooting, mtoto wa marehemu mdogo wake Haika, ambaye ndiye mume wa huyo Anastasia wa picha. Ijumaa kwa Geofrey huko Hayes, kaka yake Haika, wa mwisho kuzaliwa kwa mama yao. Halafu Jumamosi, saa kumi na moja jioni, tamasha la muziki kwenye viwanja vilivyo mbele kidogo ya Uxbridge, na hapo ndipo moyo wa Haika ulipokuwa umekaa. Njiapanda Jazz walikuwa wanapiga. Njiapanda Jazz wa Moshi, wa ujana wao, wa ule wimbo wa shemeji anayenuna ambao Haika aliupenda kuliko zote, wa ule ukumbi ambamo Leonard alimkanyaga Haika mguu akamwomba radhi mpaka akamwoa. Mwimbaji wao Mzee Abdulwakil alikuwa amepita miaka themanini, na ametangaza kwamba baada ya ziara hii hatashika tena maikrofoni. Wakikosa safari hii, basi tena.

Na walishakosa mara moja. Bendi hiyohiyo ilikuja London zamani, wakati Geofrey hajaoa, tena wakati Geofrey hata hajafika. Haika alikuwa na tiketi mkononi na gauni limepigwa pasi. Jumamosi hiyohiyo simu ikalia kwamba Geofrey anatua Heathrow jioni, na hakuna mwingine wa kwenda kumpokea. Haika akavua gauni, akavaa koti.

Huyo ndiye Haika. Nyumba yake ya Stratford ilikuwa kituo. Kila aliyetoka nyumbani na begi alishukia pale, awe ndugu, awe rafiki wa ndugu, awe jirani wa mtu aliyesali na mama yake. Haika akitoka zamu ya usiku hospitalini, miguu imevimba, anakuta kuna mgeni kalala kwenye kitanda chake, maana wageni ndio wanaopewa kitanda, si ndivyo tulivyolelewa? Basi anajikunja kwenye kiti, anajifunika koti. Hakulalamika. Alikuwa na ulimi mkali kwa kila jambo chini ya jua, lakini kwa hilo hakuwahi kufungua mdomo.

Ndiyo maana gari lile lilipoletwa, kitu cha kwanza alichokagua ni kitanda. Siku ya kwanza kulala humo alinyoosha miguu yote, akanyoosha na mikono, akacheka peke yake gizani. Kulikuwa pia na benchi pembeni ambalo ukilivuta linakuwa kitanda cha mtu mmoja. Haika alilijaza masufuria, mablanketi na madumu ya maji mpaka juu, makusudi, mtu asije akapata wazo.

Sasa turudi Tooting. Kosa, kama lilikuwepo, lilitokea Alhamisi jioni baada ya chakula. Anastasia alileta mashuka, akayaweka juu ya sofa la kukunjua, akasema, "Mama, mtalala hapa." Haika akasema, "Asante mwanangu, sisi tutalala garini." Pakawa kimya. Haika alikiona kile kimya na alijua maana yake, kwa sababu kwao Marangu mgeni hakatai kitanda. Ukikataa ni kama umesema nyumba ina kunguni. Lakini alikuwa na kitanda chake! Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa mgeni mwenye kitanda chake, na alikitaka. Aliaga vizuri, akaenda kulala, akaamka, akapiga mswaki. Basi.

Kabla hawajafika Hayes simu zilishaanza. Alipiga mtu wa Dodoma ambaye Haika hakumkumbuka, akamwambia asikate tamaa. Alipiga mchungaji. Neema naye alipiga kutoka Manchester akiwa anacheka, na Haika akamkatia simu. Halafu akapiga Shangazi, dada wa marehemu baba yake, mzee wa Marangu ambaye haoni vizuri na aliyesimuliwa hiyo picha na mjukuu wake. Shangazi alikuwa analia.

"Haika mwanangu, nani kakufukuza? Leonard anakunywa?"

"Shangazi, Leonard hanywi hata soda!"

"Usinifiche, mwanangu. Mimi nimekuosha wewe ukiwa na siku moja."

Haika alieleza, akaeleza, akaapa. Kadiri alivyozidi kuapa ndivyo Shangazi alivyozidi kulia, maana mtu asiye na tatizo anaapa nini?

Geofrey aliwapokea Hayes kwa sauti ya chini, kama watu wanavyopokelewa msibani. Ni msimamizi wa ghala karibu na uwanja wa ndege, mtu wa kitambi na maneno yaliyopangwa. Alimshika dada yake mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwambia ameitisha kikao cha familia. Kesho, saa saba mchana, hapahapa kwake. Nickson na Anastasia watakuja, na Shangazi ataunganishwa kwa video.

"Kesho nina shughuli," Haika alisema.

"Dada, ni saa moja tu. Shangazi ana presha. Unataka alale tena na hali hii?"

Ala! Kumbe presha ya Shangazi imeletwa na nani? Lakini hapo Geofrey alikuwa amempata, na alijua amempata. Haika alihesabu moyoni kwamba kutoka Hayes mpaka viwanjani hakufiki hata saa nzima, akakubali kwa ajili ya Shangazi. Usiku ule walilala garini, mbele ya nyumba ya Geofrey, na pazia la sebuleni kwa Geofrey lilikuwa linafunuliwa kila baada ya muda mfupi.

Saa saba ilifika, ikapita. Nickson na Anastasia waliingia karibu saa tisa, wakasema barabara. Pakawa na salamu, pakawa na chai, Vaileth, mke wa Geofrey, akazungusha sambusa, kisha Nickson akaomba sala ya kufungua ambayo ilipita kwa mababu wote mpaka kwa viongozi wa dunia. Haika alisali macho wazi, anaangalia saa ya ukutani.

"Ndugu wajumbe," Geofrey alianza. Wajumbe! Watu sita sebuleni, na bibi mmoja kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. "Ajenda yetu ni moja. Hali ya dada yetu na shemeji yetu."

"Hali yangu nzuri," Haika alisema.

"Dada, utapewa nafasi mwishoni."

"Mwisho wa nini? Mimi si maiti, Geofrey. Mnanijadili nikiwa nimekaa hapa?"

"Mama Neema," Leonard alinong'ona, akamgusa goti.

Haika alitoa ufunguo wa nyumba yake kwenye mkoba, akaupiga juu ya meza. "Ufunguo huo. Stratford, ghorofa ya tatu. Nendeni mkafungue, mtakuta maua yangu dirishani." Wote waliutazama ule ufunguo kwa huruma. Anastasia akamwegemea akamwambia taratibu, "Mama, hakuna aibu. Yanampata yeyote." Haika aliona bora ameze sambusa nzima kuliko kusema lililomjia mdomoni.

Basi wakajadili. Geofrey alisema jambo hili limeufikia ukoo mzima na jina la marehemu baba limechafuka. Watu wanasema watoto wake wako Ulaya lakini dada yao analala barabarani. Akasema lile gari liuzwe. Akasema mzee na mkewe wakae kwa ndugu mpaka mambo yatengemae. Kila mtu akatikisa kichwa kukubali, mpaka Shangazi kule kwenye chupa.

"Sasa," Geofrey alisema, "ni nani atakayeanza kuwakaribisha?"

Hapo ndipo sambusa zilipopata kazi. Kila mtu akawa na kitu mdomoni. Nickson alikohoa, akasema wao wangependa sana, Mungu shahidi, ila watoto wana mitihani, nyumba inahitaji utulivu. Anastasia akaongeza kwamba hata sofa lenyewe limeharibika, linazama katikati. Haika akamkodolea macho, maana juzi tu sofa lilikuwa zima na lina mashuka! Macho yakamgeukia Geofrey. Geofrey akajifuta mdomo. Chumba cha juu, alieleza, siku hizi ni ofisi ya Vaileth, anafanyia kazi nyumbani, kuna kompyuta na waya nyingi. "Na zile ngazi, dada, na magoti yako..." Vaileth alimtazama mumewe, akatazama chini. Geofrey akapendekeza iundwe kamati ndogo ya kutafuta makazi.

Sauti ikatoka kwenye chupa ya chai.

"Mimi ni mzee, labda sijaelewa," alisema Shangazi. "Mmesema Haika hana pa kulala. Hapo mmekaa wenye nyumba watupu. Sasa mbona nasikia kamati, sisikii kitanda?"

Haika akasimama. Magoti yalilia, kweli yalilia, lakini alisimama.

"Sijaomba kitanda mimi. Kitanda ninacho, tena viwili, kimoja Stratford na kimoja hapo nje. Mmekataa kunisikia, sasa mtanisikia. Geofrey, ulitua Heathrow na begi moja na koti la kuazima. Siku ile nilikuwa na tiketi ya muziki mkononi, muziki ninaoupenda kuliko wote. Niliitia mfukoni nikaja kukupokea. Hukuniuliza nimeacha nini na mimi sikukwambia. Ulilala kwangu mpaka ukaoa. Vaileth, mtoto wako wa kwanza kaogeshwa kwenye beseni langu. Nickson, mitihani yako yote uliisomea mezani kwangu, na hakuna aliyesema nyumba inataka utulivu. Mimi nilikuwa natoka zamu nalala kwenye kiti, mnanipita mkienda jikoni. Nilimwitia nani kikao? Nilikuwa naamka, natandika!"

"Dada, tuliza..."

"Sitatulia! Mmenionea huruma hadharani mpaka Dodoma, halafu huruma yenyewe haina hata mkeka. Shangazi, nisamehe, nakupigia kesho. Naenda kucheza dansi."

Leonard alikuwa ameshasimama, funguo za gari mkononi, hata Haika hakujua amesimama saa ngapi. Mtu ambaye hakuwahi kumjibu shemeji yake neno baya alimtazama Geofrey na kusema, "Sambusa zilikuwa nzuri, shemeji. Maneno yamenishinda kumeza." Wakatoka.

Saa kumi na moja iliwakuta kwenye foleni. Leonard alikata vichochoro ambavyo dereva wa basi tu ndiye anavijua, lakini Jumamosi ya jua London nzima iko barabarani. Haika alikuwa amevaa lile gauni la tiketi ya kwanza, limeongezwa kiunoni mara mbili tangu zamani, na alikuwa ameshika mkoba kwa nguvu. Walipofika viwanjani, wakaegesha kwenye safu ya magari mengine ya kulala, wakaonyesha tiketi na kukimbia kadiri magoti yalivyotaka, gitaa la Njiapanda Jazz lilikuwa linasikika ndani ya hema.

Mzee Abdulwakil alikuwa ameketi kwenye kiti, amevaa suti ya kahawia, na sauti bado ilikuwa ileile. Haika alimshika mkono mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa anacheza pembeni yake. "Ule wimbo wa shemeji anayenuna, wameupiga?"

"Ah, mama, wameanza nao!" alisema yule mama kwa furaha. "Watu walilia!"

Wameanza nao. Haika alisimama katikati ya hema na machozi yakamtoka waziwazi, ya hasira, hasira tupu. Kikao cha saa moja! Zilibaki nyimbo mbili, zote mpya, hakujua hata moja. Alizicheza zote mbili. Alicheza kwa ghadhabu, kwa mikono na mabega, watu wakampisha, na Leonard akawa anamfuata nyuma akijaribu kutomkanyaga. Mzee Abdulwakil akainua mkono, akaaga, na ikawa imekwisha.

Jioni ya Juni haina haraka ya kuingia. Jua lilikuwa bado lipo walipokaa mlangoni pa gari wakinywa chai, na Leonard alikuwa anajaribu kumwimbia ule wimbo, anakosea maneno, anarudia, anakosea palepale. Ndipo Haika alipoona mtu anakuja katikati ya safu za magari, viatu vya kanisani vimejaa tope, amebeba hotpoti kifuani kwa mikono miwili. Alikuwa Geofrey.

Alisimama mbali kidogo. "Neema kanielekeza kwa simu, nimekuja kwa basi, halafu kwa miguu," alisema. "Vaileth kaninyima ufunguo wa gari. Kasema nisirudi mpaka umenisamehe."

"Kwa hiyo umetumwa."

"Nilikuwa nakuja hata bila kutumwa, dada. Yale ya ngazi na magoti... niliona aibu hata sijamaliza kuyasema." Ajenda zilikuwa zimemwishia. Alibaki na sauti yake ya utotoni. "Samahani, dada. Kwa picha, kwa kikao, kwa yote."

"Wimbo wangu umepita, Geofrey. Mara ya pili, na mara zote mbili ni wewe."

"Wimbo gani?"

"Umeona? Hujui hata wimbo gani."

Geofrey aliinamisha kichwa. Akaweka hotpoti chini kwenye nyasi, kwa adabu. Ilikuwa pilau, harufu yake ilifika. Leonard aliitazama hotpoti, akamtazama mkewe, akaamua kutotazama popote. Baadaye Geofrey alisema polepole kwamba basi la mwisho la kurudi limeshapita, ila si neno, atatembea mpaka barabara kubwa, atapata chochote.

Haika alimwaga masalio ya chai nyasini. Halafu akaingia garini. Walimsikia ndani akitoa sufuria la kwanza, likagonga, akatoa la pili, likagonga zaidi, madumu yakafuata, kila kimoja kwa kishindo chake. Geofrey alisogea amsaidie.

"Kaa hapohapo! Nani kakuita?"

Akalivuta benchi likawa kitanda. Akatandika shuka, akaikung'uta mito, akakunja blanketi miguuni kama alivyokuwa akimkunjia zamani Stratford. Kisha akatoka, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Vua hivyo viatu, usiniletee tope. Kitanda kipo," alisema. "Lakini kesho asubuhi utapiga mswaki palepale nje, mchana kweupe, na mimi ndiye nitakayepiga picha."